Safari na Mkwe Nisiyeongea Naye

Tangu nirudi kutoka Iringa, kila nikipita pale gereji Uyole mnanikalisha juu ya tairi na kuniuliza yale yale. Mmeshasikia vipande kutoka kwa dada yangu Tupoki, ambaye nusu ya safari hakuwepo na bado ndiye anayeisimulia kwa sauti kubwa kuliko sisi tuliosafiri. Nimechoka kumsahihisha, kwa hiyo nimeamua kuandika. Anayetaka kujua asome, na atakayebaki na swali aje nyumbani na kilo ya sukari.

Kwa asiyenijua, mimi nimeendesha malori kwenye barabara hii kuu tangu ujana mpaka macho yaliponiambia basi. Ni Mnyakyusa, ni mzee wa kanisa, na ni baba yake Lusajo, kijana wangu wa kwanza, fundi umeme wa Mbalizi. Lusajo alifariki asubuhi moja ya siku ya kazi, hajaumwa, hajalalamika hata kichwa. Nilipofika Mbalizi nilimkuta ameshafunikwa shuka.

Aliyekuwa naye asubuhi ile ni mtu mmoja tu, mke wake Eliza, binti wa Kihehe kutoka Iringa. Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu. Kwetu sisi baba mkwe na mkamwana hawakutani. Hawatazamani, hawali pamoja, hawaongei. Akisikia napita, anashika njia nyingine au anajifunika kitenge. Nikiwa na neno naye, namtuma mtu wa tatu. Ni heshima, si uadui. Vijana wa mjini wengi wameiacha, na mchungaji wetu alishasema mila hiyo si ya kumlazimisha mtu. Lakini mimi nimekulia humo, na Eliza, ingawa si wa kabila letu, aliishika tangu alipoolewa kwa bidii ambayo hata mabinti zetu hawana.

Kwa hiyo sikuweza kumuuliza jambo ambalo nilitaka kulijua kuliko yote: mwanangu aliondokaje? Aliteseka? Aliita mtu? Majirani kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mke wangu alimuuliza Eliza mara moja wakati wa msiba. Binti alifungua mdomo, maneno yakakataa, akatetemeka mpaka wakamlaza. Tangu siku hiyo mke wangu akapiga marufuku swali hilo kwenye nyumba yetu.

Msinielewe vibaya. Imani yangu haikuyumba. Niliamini siku ile na ninaamini leo kwamba Lusajo yuko mikononi mwa Bwana, na nililia na kuomba na kuendelea kuongoza jumuiya yetu kama kawaida. Lakini mtu anaweza kuwa na hakika kwamba mwanae amefika salama na bado akataka kusikia njia ilikuwaje. Ninyi madereva mnanielewa.

Uyole hadi Igawa

Mama yake Eliza ni mgonjwa wa miguu na hakuweza kuja kuzika. Wazazi wake wakaomba ifanyike ibada ya shukrani kanisani kwao, Jumapili, na sisi upande wa mume tumpeleke binti yao wamwone. Mwenye kazi hiyo alikuwa mke wangu. Siku chache kabla ya safari akateleza kisimani, kifundo cha mguu kikavimba, na nikabaki mimi. Nikasema siwezi kusafiri peke yangu na mkamwana, labda nifungwe macho kwa kitambaa. Ndipo Tupoki akajitolea kuwa mjumbe kati yetu. Alijitolea haraka kidogo kuliko inavyotakiwa kwenye mambo ya msiba, maana anapenda kusafiri.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, baridi ya Uyole ikiwa bado inauma masikio. Kondakta aliugomea mkungu wangu wa ndizi, akisema basi lake si lori. Nilimweleza kwamba mtu haendi ukweni mikono mitupu, kwamba ndizi zile ni za Tukuyu na si za kuokoteza, na kwamba mimi nilikuwa barabarani kabla baba yake hajajifunza kuendesha baiskeli. Mkungu ukapanda, pamoja na kiroba cha parachichi.

Mimi nilikaa mbele nyuma ya dereva, Eliza na Tupoki wakakaa nyuma kabisa. Mpango ulikuwa mzuri, ila mjumbe wangu hana sauti ya chini. Nilimtumia ujumbe kupitia kwa kondakta kuuliza kama mkwe amekunywa chai. Jibu lilikuja kwa kupigiwa kelele kutoka kiti cha mwisho, kwamba mkwe amekunywa, na kwamba mimi nisithubutu kugusa mayai ya njiani kwa sababu tumbo langu wote tunalijua. Abiria wote waligeuka kunitazama. Kuanzia Inyala hadi Chimala nilijifanya nimelala.

Igawa basi lilisimama kushusha watu. Dereva alitutangazia kwamba hatukai, anayetaka kununua anunulie dirishani. Tupoki akashuka. Alikuwa ameona mchele, na ninyi mnajua Mnyakyusa akiona mchele wa Mbarali. Akaanza kuunusa, kuuchambua kiganjani na kumuuliza muuzaji ni wa shamba gani. Basi likaondoka.

Mimi nikiwa mbele sikujua lolote. Eliza alijua. Alimwona Tupoki akibaki barabarani na sahani ya mchele mkononi. Mtu mwingine angepiga kelele, lakini yeye alijiuliza ujumbe aupitishe kwa nani. Aliyekaa jirani naye alikuwa amelala fofofo, kondakta yuko mlangoni mbele karibu nami, na kuita kwa sauti nikamsikia kungekuwa ni kuongea nami. Akamtikisa jirani. Mpaka yule jirani azinduke, aelewe, na ujumbe upite kiti kwa kiti hadi kwangu, tulikuwa tumeshaanza kupanda mlima na Igawa haionekani tena.

Igawa hadi Makambako

Tupoki alipiga simu akicheka. Akasema tutangulie, yeye atakuja na basi la nyuma. Baadaye akapiga tena kusema mabasi ya nyuma yamejaa, na kwamba ana shoga yake Chimala ambaye hawajaonana miaka mingi, kwa hiyo atalala huko na tutakutana Iringa kesho. Nilimwambia yeye ndiye mjumbe. Akanijibu tufanye ishara.

Matatizo hayakuishia hapo. Igawa walikuwa wamepanda watu wengi, na kondakta katika kupanga viti vyake akamhamisha Eliza kutoka nyuma na kumleta kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Nilipohisi anakuja nikasimama. Aliponiona nimesimama, na yeye akabaki amesimama. Kondakta akatuambia tukae. Nikamwambia hatuwezi. Akauliza kiti kina miba? Nilijaribu kubadilishana na mama mmoja wa upande wa pili, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekuwa anakwenda Makambako, lakini miguu yake ilikuwa juu ya gunia lake na hakutaka kuliacha. Mwishowe dereva akapiga breki, tukaangukia vitini wote wawili.

Nikageuza uso dirishani. Eliza akageukia njia ya katikati, kitenge kichwani mpaka puani. Tulikwenda hivyo kitambo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Upepo ulikuwa unaingia na nilijua binti ana kifua, kwa hiyo nikaliambia dirisha kwa sauti ya kusikika kwamba kama kuna mtu anasikia baridi, aseme kwa mtu, na mtu huyo aniambie mimi nifunge.

Yule mama wa vitunguu alikuwa anatutazama muda wote. Alivumilia mpaka akashindwa, akainama kunisogelea, akasema kwa upole mkubwa:

"Baba, nisamehe kukuingilia. Ukishaoa mtoto mdogo namna hii, inabidi umbembeleze. Kama amekukosea, mnunie nyumbani. Siyo kwenye basi, mbele za watu."

Wenzangu, nimewahi kukatikiwa na breki kwenye mteremko wa Kitonga nikiwa na mzigo wa mbolea, na sikutokwa jasho kama siku ile. Kando yangu nikahisi mabega ya Eliza yanatikisika, nikadhani analia kwa aibu, nikazidi kuchanganyikiwa. Ndipo nikasikia sauti ndani ya kitenge. Alikuwa anacheka. Tangu tumzike Lusajo hakuna mtu nyumbani aliyemsikia akicheka, na alicheka kwa kujizuia mpaka akakohoa.

Nikamweleza yule mama mambo yote: kwamba huyu ni mke wa mwanangu, kwamba mwanangu amefariki, na kwamba hiki anachokiona ni heshima. Aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu akaniomba radhi, akamwomba radhi Eliza, akatupa pole, na kiti hadi kiti pole zikaanza kuja, hata kutoka kwa wale waliokuwa wamelala. Mzee mmoja Mkatoliki akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Mwingine akapitisha karanga. Kwa muda basi zima likawa limekaa msibani na sisi, na sikuona vibaya hata kidogo.

Kuanzia hapo mama wa vitunguu akawa mjumbe wetu, na alikuwa mjumbe bora kuliko dada yangu. Nikimwambia dirisha, anamwambia Eliza kwa kunong'ona. Eliza akinong'ona, ananiambia mimi, na haongezi habari za tumbo la mtu. Alipoteremka Makambako alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na kusema atatuombea. Nilitamani tungemchukua hadi Iringa.

Makambako hadi Mafinga

Baada ya Makambako kiti cha nyuma kikapata nafasi, Eliza akarudi kwenye usalama wake. Nikadhani shida zimekwisha. Tulipokaribia Nyororo basi likaanza kunguruma kwa sauti nisiyoipenda, moshi ukatoka, tukasimama.

Nilishuka kwa hiari yangu kumsaidia dereva. Nilimwambia huo ni mkanda wa feni, sina haja hata ya kufungua boneti. Alifungua, mkanda ulikuwa mzima. Nikamwambia basi ni rejeta. Rejeta nayo haikuwa na neno. Dereva, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akalala chini ya gari na kutengeneza kitu kingine kabisa ambacho sitakitaja hapa ili msinicheke. Ilichukua mchana wote.

Abiria walitawanyika majanini. Mama mmoja alikuja na beseni la mahindi ya kuchemsha, nikanunua mawili, nikabaki nayo mikononi nikiwaza moja linafikaje kwa mkwe. Mwishowe niliweka hindi moja juu ya jiwe, nikasogea mbali na kugeuka. Nilipotazama tena hindi halikuwepo. Sijui kama ni yeye aliyelichukua au mtoto wa mtu, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Nilipokuwa nimekaa pale, malori ya mbao yakipita kutoka Sao Hill, huzuni ilinipanda. Zamani Lusajo akiwa likizo nilikuwa nampakia tunakuja huku kuchukua mbao, na yeye ndiye aliyekuwa akinihesabia vituo. Nililia kidogo, wala sikuona haya. Nikamwambia Mungu kwamba nimemshukuru kwa mengi, lakini lile moja bado namwomba, na kwamba yeye anaijua njia ambayo mimi siioni.

Tulifika Mafinga jioni imeshaingia na ukungu umeshuka. Dereva akasema hawezi kulipeleka gari lile Iringa gizani, tulale, tuondoke asubuhi. Kila mtu akatafuta pa kulala. Mimi nilikumbuka nyumba ya wageni ya kanisa, karibu na karakana za maseremala, nikaanza kutembea nikiwa na mkungu wa ndizi begani, na kwa nyuma, mbali kidogo, nikasikia kandambili za Eliza zikinifuata.

Mafinga

Mlezi wa nyumba ile ni mama mnene, Mhehe, mwenye sauti ya kuamrisha. Alitusalimu "kamwene", Eliza akaitikia kwa Kihehe, na kwa sekunde chache nikasikia sauti yake ya kweli, isiyonong'ona. Mama yule akafurahi kumpata mtu wa kwao. Akamuuliza kama huyu ni baba, Eliza akaitikia kwamba ndiyo ni baba, jambo ambalo si uongo, na mama akatuandalia meza moja.

Akaleta makande ya moto kwenye bakuli kubwa, sahani mbili na vijiko viwili. Nilimwona Eliza kwa pembe ya jicho akisita, kisha akapakua kwenye sahani yake na kwenda kula jikoni. Mama mlezi alinitazama, akakitazama kile kiti kitupu, akanihukumu papo hapo. Akaniambia kwamba kwake mtoto hafukuzwi mezani, awe amefanya nini. Nilikuwa nimechoka, nimeshindwa ufundi wa gari, nimeshaitwa mume wa mkwe wangu. Sikuwa na nguvu ya kueleza tena. Nikala makande kwa kichwa kilichoinama, na yalikuwa matamu sana.

Asubuhi niliamka mapema. Ukungu ulikuwa umejaa madirishani na misumeno ya mbao imeshaanza kulia. Nyumba ile ina desturi yake: kabla ya chai kuna ibada, na kila mgeni anaomba kwa zamu, kwa sauti, anachotaka kumwambia Mungu. Wageni wengine walikuwa wameshaondoka na malori. Tulibaki mimi, mama mlezi, na Eliza aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunika kitenge chake.

Mama akasoma neno fupi, akasema tufumbe macho, aanze binti. Nikafumba macho yangu. Nikajua na Eliza amefumba yake.

Alianza kama tunavyoanza wote, kushukuru kwa usingizi na kwa safari. Halafu akanyamaza. Nilisikia maji yakichemka jikoni. Nilidhani amemaliza na nilikuwa karibu kusema amina, ndipo akaendelea, kwa sauti ile ya jana ya Kihehe, ila sasa kwa Kiswahili.

"Baba Mungu, wewe ulikuwepo asubuhi ile. Unajua Lusajo aliamka mapema akawasha jiko mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa na mafua. Alikuwa anacheka habari za jogoo wa jirani. Akakaa kizingitini kuvaa viatu. Akavaa kimoja. Akaniita, akasema Eliza, njoo. Na mimi, Baba, nilikuwa na maziwa motoni, yanataka kumwagika. Nikamwambia subiri, nakuja. Nikaipua maziwa. Nilipofika alikuwa ameegemea mlango kama mtu anayesinzia, kiatu kingine kiko mkononi. Sikumwona akiteseka. Uso wake ulikuwa mzuri. Lakini aliniita, na mimi nikamwambia asubiri. Nimeshindwa kumwambia mama. Nimeogopa baba akijua, atasema mwanangu amekufa akimsubiri mwanamke amalize maziwa. Kama nilikosa, nisamehe. Na yeye baba umpe moyo, kwa sababu najua anataka kujua, na mimi sina njia ya kumwambia. Amina."

Ninyi mnanijua. Mimi ni mtu wa maneno, hata mkutano wa kanisa huniomba nifupishe. Pale nilikaa nimefumba macho na machozi yananitiririka hadi kwenye kola, na sikuweza kuanza. Nilikuwa namwona Lusajo kizingitini na kiatu kimoja. Nilimwona mzima, anacheka habari za jogoo. Mila yetu ilikuwa imekataza kumtazama binti huyu, kula naye na kuongea naye. Haikuwa imesema lolote kuhusu kusikia anachomwambia Mungu. Na nikaona kwamba hiyo ndiyo njia, na Mungu alikuwa ameiweka pale muda wote.

Mama mlezi akakohoa kidogo kunikumbusha zamu yangu.

"Bwana," nikasema, "miezi yote hii nimekuomba unionyeshe mwanangu aliondokaje, na leo umenionyesha. Asante kwamba hakuteseka. Asante kwamba hakuwa peke yake. Aliita, akajibiwa. Sauti ya mwisho aliyoisikia hapa duniani ni ya mke wake akimwambia anakuja. Mimi nikiondoka, naomba niondoke hivyo. Bwana, huyu binti hana kosa lolote kwangu, wala kwa mama Lusajo. Mwambie hivyo, maana mimi siwezi kumwambia. Mwambie ni mwanangu. Na Lusajo mwambie aendelee kusubiri, tunakuja, kila mtu kwa zamu yake. Amina."

Najua mchungaji akisoma hapo mwishoni atakunja uso, kwamba tangu lini tunatuma salamu kwa waliolala. Nitajibu siku nikiitwa.

Karibu na mlango nilimsikia Eliza akilia. Hakuwa analia kama pale msibani, kwa kubanwa kifua. Alilia kwa pumzi ndefu mpaka akatulia. Mama mlezi alifunga kwa Baba Yetu, na sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imelegea. Tulipofumbua macho alikuwa anajifuta kwa aproni. Akaniambia nimsamehe kwa maneno ya jana usiku, nikamwambia hajakosea kitu. Halafu akasema chai inapoa, akamimina vikombe viwili, akaviweka kwenye meza moja akisubiri aone.

Eliza akachukua chake, akaenda kunywea jikoni. Mama yule akatikisa kichwa, akanisogezea sahani ya viazi.

Mafinga hadi Iringa

Sehemu iliyobaki haikuwa na mikasa. Basi lilikwenda bila kunguruma. Eliza alikaa nyuma, mimi mbele, na hakuna aliyehitaji mjumbe. Pale Ifunda jua lilitoka, na nilijikuta nikiimba polepole, dereva akanitazama kwenye kioo chake, labda akifikiri namlaumu kuhusu gari.

Tupoki tulimkuta stendi ya Iringa. Alikuwa ametuwahi kwa gari la mchele, na kiroba chake mguuni. Akaanza kazi mara moja, akanieleza mkwe anasemaje na akamweleza mkwe mimi nasemaje, kabla yeyote kati yetu hajasema kitu. Alishangaa kuona tumetulia hivyo. Aliniuliza mara kadhaa kulikuwa na nini Mafinga, nikamwambia kulikuwa na makande. Hiyo ndiyo sababu hadithi yake mnayoisikia ina shimo katikati.

Kwa kina Eliza ni juu, njia ya Kilolo, mahali penye nyasi ndefu na ng'ombe wachache. Baba yake alitupokea kwa mikono miwili. Mama yake hakuweza kusimama. Eliza alikwenda akapiga magoti na kuweka kichwa mapajani mwake, na sisi wengine tukatoka nje kushughulika na ndizi. Wahehe wale hawakuwa na hakika wazifanyeje ndizi mbichi nyingi kiasi kile. Tupoki akaingia jikoni kwao bila kukaribishwa na kuwafundisha.

Jumapili kanisa lilijaa. Baba yake Eliza alimshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wake aliyemwekea mama yake Eliza umeme wa nyumba yote bila kudai hata nauli. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Nilipoitwa kusema neno, nilisema kwamba nimepoteza mwana na bado namlilia, na nitamlilia nikiwa nacheka na nikiwa nakula. Lakini nimejua alivyoondoka, na najua alikokwenda, na sina deni la swali tena na Mungu. Nikakaa. Tupoki anasema yalikuwa maneno mafupi kuliko yote niliyowahi kusema hadharani.

Kabla sijaondoka, wazee wa pale waliniuliza kwa utaratibu tunapangaje kuhusu binti yao. Nikawaambia Eliza si mzigo wa kupangwa. Akitaka kukaa na mama yake, akae. Akitaka kurudi, nyumba ya Mbalizi ni yake na sisi ni wake. Tulikubaliana apumzike, na uamuzi utakuwa wake. Niliondoka alfajiri ya Jumatatu. Hakuja kuniaga, kama inavyopasa, ila nilipopita dirisha la jikoni nilisikia mtu ndani anamwomba Mungu amfikishe msafiri salama.

Uyole

Mke wangu nilimsimulia jioni ile ile niliporudi, akiwa amenyoosha mguu juu ya stuli. Alisikiliza mpaka penye maziwa. Akalia, nikalia naye. Kisha akaniambia kwamba tangu akiwa mdogo Lusajo alikuwa akivaa kiatu kimoja na kuanza kuita watu, na nikakumbuka ni kweli.

Sasa mnaloniulizia zaidi ni hizi simu za Jumapili, ambazo mke wangu amewaambia wake zenu. Ni kweli. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu yangu inaita, ni Eliza. Hatusalimiani. Yeye anasema tu, "Tuombe," na mimi nafumba macho hapo nilipo. Anamwambia Mungu mama yake anaendeleaje, mahindi yamefikia wapi, na kwamba juzi alimwota Lusajo akaamka bila kulia. Akimaliza naomba mimi. Namwambia Mungu habari za mguu wa mama Lusajo, habari za mvua, na mara moja moja habari zenu. Tukisema amina anakata simu. Hakuna mila iliyovunjika, na hakuna kinachobaki hakijasemwa.

Jumapili iliyopita alimwambia Mungu kwamba ameamua, anarudi Mbalizi, amepata kazi ya kushona pale sokoni na atapanda basi Jumamosi. Akasema anaogopa kidogo kuufungua ule mlango akiwa peke yake, na akaomba, kama Bwana ataona vyema, ampatie mtu wa kumpokea stendi.

Nikaomba na mimi. Nilisema, "Bwana, mwambie baba yake atakuwepo."